Kurasa Nane za Mama Gundi

Tangu Mama Gundi aondoke, vitabu vya chumba cha watoto vinaishia pale vilipochanika. Mtoto anafika kaunta na kitabu mkononi, anasema mwizi yuko dirishani na dirisha halijafungwa, sasa inakuwaje? Mhudumu anafunua ukurasa wa mwisho uliopo, anageuka kutazama mlango wa chumba cha matengenezo, ambako zamani nyundo ya mbao iligonga taratibu kama mtu anayebisha hodi bila haraka, kisha anamwambia mtoto achague kingine. Nyundo haigongi. Mtoto anachagua kingine.

Chumba chenyewe kilikuwa na meza moja, chuma cha kubania vitabu, taipureta iliyostaafishwa na ofisi ya mbele, na sufuria ya gundi iliyompa Mama Gundi jina lake. Kwa miaka ishirini na miwili alishona humo migongo ya vitabu, na hakuna aliyemwuliza neno. Fundi wa vitabu ni kama fundi bomba: hukumbukwa siku ya kuvuja.

Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo waandishi wengi hawalijui. Vitabu vya watoto havifi katikati, vinafia mwishoni. Ukurasa wa mwisho ndio unaolala karibu na jalada, ndio unaoshikwa na mikono yenye mafuta, ndio mdogo wa msomaji anaounyofoa kutengenezea ndege. Mama Gundi alikuwa akishona kilichobaki, anakata uzi, anapeleka kitabu rafuni bila mkia.

Siku moja alichukua kitabu nyumbani akimalizie kukishona. Mjukuu wake wa miaka tisa akakisoma kabla gundi haijakauka.

"Bibi, mbuzi amefika shuleni au hajafika?"

"Ukurasa haupo."

"Na mwanzo upo?"

"Upo. Nimeushona mwenyewe."

"Sasa umetengeneza nini?"

Mama Gundi hakuwa mtu wa kushindwa na mtu wa miaka tisa. Kesho yake aliwahi kazini, akaipangusa taipureta vumbi, akamfikisha mbuzi shuleni kwa nusu ukurasa. Akaubandika. Hakuna aliyesema kitu. Katika maktaba ile, hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya juu kabisa.

Basi akanogewa. Lakini alijiwekea masharti. Asiandike mpaka asome kitabu kizima mara mbili, aisikie pumzi ya mwenye kitabu, ajue kama ni mtu wa sentensi fupi au wa kuzungukazunguka. Asimlete mtu ambaye hakuwemo tangu mwanzo. Yule mjomba anayeshuka ghafla kutoka safari na kutatua kila kitu alimchukia kuliko mchwa. Asimwue asiyeumwa. Na asitoe funzo, kwa sababu mtoto akiliona funzo linakuja kwa mbali hujifanya amelala. Kila mwisho ulipita kwanza kwa mjukuu, ambaye hakujaliwa huruma. "Hapa umechoka, Bibi," alikuwa akisema, kidole kiko juu ya mstari, na kweli hapo ndipo Bibi alipokuwa amechoka.

Kwa hesabu ya mjukuu, miaka mitano baadaye miisho ilifika sitini na mitatu. Majina ya waandishi yalibaki kwenye majalada yao. La kwake halikuwa popote, na hakulitafuta.

Ndipo zilipoletwa nakala ishirini na nane za kitabu cha fasihi.

Ilikuwa riwaya ya vijana iliyopangwa kwa mtihani wa mwisho wa sekondari, na maktaba iliziazimisha kwa shule ya jirani. Msichana anatoroka nyumbani kwenda kujifunza ufundi wa magari. Baba anaapa kwamba hamtambui tena. Kiwanda kilichozifunga nakala hizo kilibania gundi, kwa hiyo kurasa nane za mwisho zilikuwa zimedondoka katika zote, wala hakuna aliyejua zimedondokea wapi. Mama Gundi akamwendea mkutubi mkuu kuomba nakala nzima ya kuigia.

"Kitabu hicho hakichapwi tena," mkuu alisema bila kuinua macho. "We malizia kwa ulicho nacho, mama. Wanafunzi wanasubiri."

Mtu mwingine angeelewa kwamba ameambiwa apake gundi na kukata uzi. Mama Gundi alielewa kama alivyozoea kuelewa.

Ilimchukua majuma mawili. Msichana alimbakiza gereji. Baba akamleta mwenyewe, anaendesha pikapu yenye rejeta inayovuja, anasimama mbele ya binti yake, anatafuta maneno ya kusema na anayoyapata ni haya tu: "Inachemka." Binti anafungua boneti. Mjukuu alisoma, akarudisha karatasi bila kuweka kidole mahali. Mama Gundi akazidurufu, akazishona, akazipeleka.

Mwalimu wa fasihi alikuwa amekisoma kitabu hicho akiwa chuoni. Aliona mwisho si kama anavyoukumbuka, akaulaumu umri, akafundisha.

Mtihani ukauliza: "Je, msichana alifanya vema kurudi nyumbani na kuomba radhi? Jadili." Watahiniwa arobaini na mmoja wa shule ile walijadili kwamba hakurudi. Walitaja pikapu. Walitaja rejeta. Mmoja aliandika kwamba swali lina makosa, lakini anamsamehe mtungaji. Wasahihishaji walipoona watu arobaini na mmoja wanavujisha rejeta moja ambayo haimo kitabuni, walikata shauri kwamba huo ni udanganyifu wa kupangwa. Matokeo yakazuiwa.

Mwalimu alifika maktaba asubuhi, shati limechomoka upande mmoja, akaweka kitabu juu ya kaunta.

"Nimeonyeshwa kingine," alimwambia mkuu. "Jina lile lile, jalada lile lile. Rejeta hamna. Wanasema haya nimeandika mimi nikawakaririsha watoto. Mwisho wa wiki wanafuta mtihani wote, watoto warudie mwaka, na mimi nirudi kwetu. Nyinyi nakala hizi mlizitoa wapi?"

Mkuu alikigeuza kitabu, akaupapasa mshono, akamwona Mama Gundi amesimama kwenye mlango wa chumba chake. Akakiweka chini.

"Sisi tuliwaazimisha vitabu tu," alisema. "Kilichoingia humo huko shuleni kwenu, hatuwezi kukijua."

Mama Gundi alirudi ndani. Nyundo iligonga mara mbili, tatu, ikanyamaza. Akatoka tena, anafuta mikono kwenye aproni.

"Kurasa hizo ni zangu."

"Zako namna gani?" mwalimu aliuliza.

"Nimeziandika. Nane tu."

"Nane tu! Mama, watoto arobaini na mmoja wananing'inia, unaniambia nane tu?"

"Zilizopotea zilikuwa nane."

"Mama, rudi ndani," mkuu alisema kwa sauti ya chini. "Umebakiza miezi saba ustaafu kwa heshima. Hapa hakuna aliyekuuliza."

"Ni kweli, mwanangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Mwalimu alikuwa amekifungua kitabu penye pikapu. Hasira ilikuwa bado usoni, lakini kulikuwa na jambo lililomkera kuliko hasira.

"Hebu niambie. Kwa nini baba alikuja mwenyewe?"

"Angemtuma nani? Kitabu kizima hana mtu mwingine."

Mwalimu akafunga kitabu. "Ndivyo nilivyowafundisha," alisema.

Siku hiyo hiyo walikwenda pamoja ofisi ya mitihani. Karani alimpa Mama Gundi karatasi, akamwambia aandike maelezo tangu mwanzo. Hapo ndipo alipokwama. Alikuwa ameandika miisho sitini na minne, mwanzo hajawahi hata mmoja. Alikaa na karatasi tupu mpaka watu wakaenda kula na kurudi. Ilipofika jioni alikuwa na kurasa nne. Karani alizisoma zote, akamwambia walihitaji maelezo, si hadithi, akazisoma tena. Kwa uthibitisho wakampa mashine na kumtaka apige upya ukurasa wowote katika zile nane, bila kutazama. Akapiga wa saba. Hakukosea hata koma.

Majibu yalisahihishwa upya kwa kufuata kitabu ambacho watoto walipewa. Thelathini na wanane walifaulu. Watatu walifeli, akiwemo yule aliyemsamehe mtungaji, kwa kuwa maswali mengine hakuyagusa. Mwalimu alibaki na darasa lake.

Maktaba ilimwandikia Mama Gundi barua ya sentensi mbili. Ya kwanza ilimshukuru. Ya pili ilimwachisha kazi, na ikamtaka, kabla ya kukabidhi ufunguo, aziondoe vitabuni kurasa zote zisizo halali, maana hakuna mwingine aliyejua zilipo. Alizitoa kwa wembe kwa siku tatu, karibu kabisa na mshono, ili vitabu visiumie. Aliuliza kama anaweza kuzichukua. Mkuu akasema ni mali ya maktaba, zikatiwa ndani ya boksi, boksi likawekwa stoo.

Sasa Mama Gundi yuko kwenye kiwanda cha madaftari, upande wa pili wa reli, meza ya kushona kurasa tupu, zamu ya asubuhi.