Vitambaa Vinane vya Hilda Thurkettle

Saa mbili asubuhi, Hilda Thurkettle amesimama mbele ya bawa la ndege, brashi ya gundi mkononi, na ameshanuna.

"Tazama! Jana nilibandika vinane, leo vyote vimechanika. Huku si kutwanga maji kwenye kinu?"

Ni mwaka 1938, kwenye uwanja wa majaribio pwani ya Suffolk, Uingereza. Ndege mpya ya kivita imefichwa bunduki nane ndani ya mabawa. Kazi ya Hilda ni kuziba midomo ya bunduki hizo kwa kitambaa, maji na uchafu visiingie. Risasi ya kwanza ikitoka, kitambaa kwisha. Jamani, nani asingenuna?

"Zamani bunduki zilikuwa mbili tu, mbele ya rubani," anasema fundi wa silaha, Percy Cutting. "Ikikwama, anaigonga kwa nyundo. Siku hizi ndege zina mbio, adui humpati shabahani zaidi ya sekunde mbili. Ndiyo maana tumeweka nane."

"Ungekuwa unabandika wewe, ungesema moja yatosha!"

"Dada, punguza kununa, gundi itaganda."

Ndege inapaa kujaribu bunduki, leo juu kuliko jana, mpaka haionekani. Inaporudi, Hilda anaikimbilia. Vitambaa vyote ni vizima.

"Afadhali! Leo mmenihurumia," anasema akicheka.

Hacheki mwingine. Percy anamvuta kwa aproni. "Toka hapo mbele! Bunduki bado zina risasi, zikipata joto zinaweza kulia!"

Rubani anashuka akitetemeka. "Nimebonyeza kitufe cha kufyatulia mpaka kidole kimekufa ganzi. Baridi ya huko juu imezigandisha zote."

Hilda anaacha kucheka. Mwanawe wa pekee, Leonard, ni rubani, na mwezi ujao kikosi chake kinakabidhiwa ndege hizihizi. Vita inanukia; hata barakoa za kujikinga na gesi ya sumu zimeshagawiwa majumbani.

"Yaani Leonard akutane na adui, abonyeze, kimya? Na nyundo haifiki bawani!"

"Tunajaribu kupitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini," anasema Percy.

"Mnajaribu, mnajaribu! Mpaka lini?"

Percy anarudi kwenye bunduki zake.

Jioni Hilda bado anakata vitambaa, mkasi ukilia kwa hasira. Percy anamuuliza anatamani nini.

"Nije asubuhi nivikute vimechanika vyote vinane, kisibaki hata kimoja. Nitanuna, nitagomba, ndivyo nilivyo. Lakini vichanike."