Barua ya kumshtaki mwalimu ina saini yangu

Admin nifichie jina, na kijiji usikitaje, maana huku Ngara tunajuana mpaka kwa kikohozi. Mimi ni bibi wa miaka sitini na tisa, mjane, nalima migomba na maharage upande wa Keza. Nalea mjukuu mmoja wa kike, yuko darasa la sita. Mama yake anafanya vibarua huko Nemba, Biharamulo. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani mwaka wa kumi na mbili sasa. Sichezewi, na wanaonijua wananiamkia kabla sijawafikia.

Shida yangu ni mwalimu. Alikuja mwaka juzi, kijana, mpole kupita kiasi. Fimbo hashiki. Anawatoa watoto darasani, anawapeleka kwenye shamba la shule na kamba, wapime matuta na mashimo ya migomba, eti ndiyo hesabu. Nikasema hesabu hiyo hata mbuzi wangu angefaulu. Halafu kila Ijumaa anawatuma kwa wazee: muulize bibi yako mbegu za maharage za zamani, andika, kisha mpe daftari asome kama umeandika sawa, atie saini. Mwalimu gani ananiuliza mimi? Anayelipwa kufundisha ni nani?

Sasa nawaambia ambacho sijamwambia hata padri. Mimi kusoma sijui. Marehemu mume wangu alikuwa katekista. Alinifundisha kuandika jina langu, na sala zote nilizishika kichwani kwa kumsikiliza yeye. Kwenye jumuiya nafungua kitabu, navaa miwani niliyonunua mnadani, nasali bila kukosea. Likifika somo jipya nasema macho yanauma, nampa mwingine. Miaka yote hiyo hakuna aliyejua. Kwa hiyo lile daftari la Ijumaa nililiogopa. Mtoto akilileta natia saini bila kuangalia, namfukuza, niache nina kazi.

Mwalimu akaja nyumbani. Shikamoo, marahaba, akakaa kwenye benchi, akasema taratibu, "Bibi, siyo lazima usome. Mtoto akusomee, ukisikia kosa umsahihishe. Mwenye kuzijua mbegu ni wewe." Badala ya kushukuru nikaona huyu kanigundua, ananicheka. Nikamwambia arudi akafundishe, mimi siyo mwanafunzi wake.

Kikao cha wazazi kilipoitwa, nikasimama. Nikasema huyu mwalimu hachapi, watoto wanacheza na udongo. Wakanipigia makofi, nami nikavimba. Kuna mzee mmoja wa kamati ya shule, yeye alikuwa analilima lile shamba la shule kama lake mpaka mwalimu alipolirudisha kwa watoto. Akasema ataandika barua, na mimi niwe wa kwanza kusaini kwa kuwa naheshimika. Akaileta Jumapili, nje ya kanisa, mbele ya watu. "Soma kwanza, Mama Mwenyekiti, usije ukasema nimekuonea."

Nikavaa miwani. Nikapitisha macho juu mpaka chini, nikageuza karatasi, nikaitikia kwa kichwa. Hata nikamwambia ameandika vizuri ila mwandiko wake ni mdogo. Nikasaini.

Nakala aliyonipa nikaichomeka kwenye kitabu cha sala. Juzi tunapukuchua maharage, mjukuu wangu akaichomoa. Huyu mtoto mpaka anamaliza darasa la nne alikuwa hajui kusoma. Alichapwa miaka yote hiyo na hakuna kilichoingia. Aliyemfungua ni mwalimu huyu na mbegu zake. Akaisoma kwa sauti, kidole chini ya maneno. Barua inasema mimi, bibi yake, nilimwona mwalimu kwa macho yangu akimpiga mjukuu wangu kwa mpini wa jembe, na kwamba anawalimisha watoto shamba lake binafsi.

Ndugu zangu, mimi nililalamika kwamba hachapi.

Mtoto akanitazama. "Bibi, hajawahi kunigusa. Mbona umesaini?" Nikaendelea kupukuchua. Akaitazama barua, akaitazama miwani yangu pale mezani, akarudi kwenye maharage yake. Akasema, "Ulikuwa hujui imeandikwa nini." Wala hakuwa anauliza.

Nikamfuata yule mzee. Akacheka. "Si ulisoma mbele ya watu wote, Mama? Au unataka kuniambia hujui kusoma?" Nikaondoka bila kuaga.

Mwalimu amesimamishwa. Jumatano wanakuja watu wa elimu, nitaitwa mimi na mtoto. Yule mzee ameniletea ujumbe nishikilie barua hivyo hivyo. Mtoto akikataa, itasemwa mwalimu kamfundisha uongo. Nikisema barua ni kweli, namzika mwalimu, na mjukuu wangu anakuwa mwongo mbele ya shule nzima. Nikisema siyo kweli, nitaulizwa kwa nini nilisaini, na jibu ni moja tu. Jumapili nitafungua kitabu vipi mbele ya watu ambao nimewakaripia miaka kumi na miwili kila wakikosea kusoma?

Msiniambie nimwombe Mungu. Kuomba najua kuliko ninyi. Anayeandika hapa ni mjukuu wangu mwenyewe, kwa simu aliyotuachia mama yake, na nimemkataza kupunguza neno hata pale ninapojiaibisha. Majibu yenu atanisomea yeye, kwa hiyo mwenye matusi ajue anamtukana mtoto kwanza. Nimemuuliza yeye angefanyaje, akasema, "Mimi nitasema hakunipiga, Bibi. Wewe utasema utakachoweza."

Basi nipeni shauri, ninyi mliosoma. Jumatano niende na miwani, au niiache nyumbani?