Wiki Mbili za Kupumzisha Vidole

Mwaka ule nilikuwa na miaka thelathini na minne, na ufadhili niliokuwa nautaka, wa shahada ya uzamili ya haki jinai, haukumpokea mtu aliyetimiza thelathini na mitano. Nilikuwa nimeshaomba mara mbili. Mara ya kwanza waliniandikia barua ya kunisikitikia, mara ya pili hawakuandika hata hiyo. Hii ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho, na sikuwa na mpango wa kuzeeka nikiwa karani wa mahakama ya mwanzo, ninayesimama mlangoni kuwaita wadaawa kwa sauti ya muuza mitumba.

Safari hii nilikuwa nimejipanga. Vyeti vilikuwepo, barua za walimu zilikuwepo, na andiko la utafiti lilikuwa na kurasa nane ambazo hata mimi mwenyewe nilizielewa. Kilichobaki kilikuwa cheti cha polisi cha kuonyesha kwamba sina rekodi ya uhalifu. Nikachukua likizo, nikaenda kituoni mjini Dodoma nikiwa nimepiga pasi hadi kitambaa cha kichwani.

Afande wa alama za vidole alinipaka wino, akaviringisha vidole vyangu kimoja kimoja kwenye fomu. Alipomaliza aliisogeza fomu karibu na miwani, akaiweka mbali, kisha akamwita mwenzake aje kuona. Kwenye visanduku kumi palikuwa na madoa kumi meusi, hakuna mstari hata mmoja. Akanitazama upya, kuanzia viatu.

Nilimweleza kwamba sijachoma vidole kwa tindikali. Kosa lilikuwa la karanga. Mama yangu anauza karanga za mbegu pale Chamwino, na karanga za mbegu hazipelekwi mashine kwa sababu zinavunjika na iliyovunjika haioti. Zinabanguliwa kwa mkono. Kila Novemba, kabla mvua haijaanza, mimi na mama na dada yangu mkubwa tunakaa uani na magunia, na ganda kavu la karanga ni msasa. Nilikuwa nimebangua kwa wiki nzima kabla ya kwenda kituoni.

Afande alikuwa Mnyamwezi, na Wanyamwezi ni watani wetu sisi Wagogo, kwa hiyo hakuniacha hivi hivi. Alisema anajua Wagogo ni hodari wa kuomba, ila hakujua kama siku hizi tunaomba mpaka alama za vidole. Baada ya kucheka peke yake kwa muda, akaniambia nisiguse karanga kwa wiki moja, nipake mafuta asubuhi na jioni, halafu nirudi. Fomu yenye madoa akaichana.

Njiani kurudi Chamwino nilikuwa na huzuni mpaka nusu ya safari. Baada ya hapo akili ikaanza kufanya kazi nyingine. Tulikuwa na magunia sita yanayosubiri. Mwisho wa kutuma maombi ulikuwa bado wiki tatu. Nilipoingia uani nilikuwa na sura ya mgonjwa, nikatangaza kwamba polisi wameagiza nipumzishe mikono wiki mbili kamili. Nikaongeza kwamba afande amekataza pia kuosha vyombo, kufua na kuteka maji. Nikaona nimesahau jambo, nikaongeza kufagia.

Dada aliuliza kama afande ameruhusu nijilishe mwenyewe. Mama aliingia ndani akatoka na kopo la mafuta ya ng'ombe, akanipaka kidole kimoja kimoja mpaka kwenye kucha, kisha akanivisha soksi za marehemu baba mikononi. Nikawekewa kiti kivulini.

Sijawahi kuishi vizuri namna ile. Chai ililetwa, ugali ulikatwa, na mlenda ulisogezwa upande wangu. Nilisoma riwaya mbili nikifungua kurasa kwa kiwiko. Jirani akija kusalimia nilimwonyesha soksi na kumweleza habari za uchunguzi wa kisayansi, naye akaondoka akiamini kwamba ninaajiriwa na usalama. Dada alikuwa akibangua huku akinitazama, na kila ganda lilipasuka kwa hasira.

Siku ya sita nilivua soksi kwa siri chooni. Mistari ilikuwa imerudi, myembamba na mizuri, kama ya mtu yeyote mwenye tabia njema. Hata simu yangu, ambayo ilikuwa imekataa kidole changu tangu msimu wa karanga uanze, ilifunguka mara moja. Mtu mwadilifu angetoka chooni na kutangaza habari hiyo. Mimi nilirudisha soksi, nikajikongoja hadi kwenye kiti, na mbele za watu nikaendelea kuifungua simu kwa namba. Nakiri hapa kwa sababu kosa limeshapitwa na wakati.

Wiki ya pili ilipoisha, mama alisema tutakwenda wote mjini, ana mteja wa mbegu Chang'ombe. Sikuona namna ya kumzuia. Kituoni afande aliviringisha vidole vyangu, na mara hii kila kisanduku kikatoka safi. Akaridhika, akanigeukia mbele ya mama yangu na kuniuliza mbona nimechelewa, wakati alinipa wiki moja tu.

Nilisema nilitaka kuwa na uhakika. Afande akasema hata siku tano zingetosha kwa kijana kama mimi. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi na kikapu chake mapajani, akiangalia ukutani tangazo la watu wanaotafutwa. Nikaenda bombani nyuma ya jengo kunawa wino, na wino ule hautoki upesi, hivyo nikamwacha na afande kwa muda mzuri. Niliporudi walikuwa wakicheka pamoja kwa utani wao. Nikajua nimepona.

Cheti kilitoka, maombi yakaenda, nikaitwa kwenye usaili, na mwezi wa nne nikapata ujumbe kwamba nimechaguliwa. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Lakini ufadhili ulikuwa na mkataba, na mkataba ulitaka mdhamini, mzazi au ndugu, afike ofisini mwenyewe na kuweka sahihi au dole gumba. Asiyekamilisha mkataba ndani ya mwezi, nafasi anapewa anayefuata kwenye orodha. Mama hakuwahi kwenda shule. Yeye ni wa dole gumba.

Afisa wa ufadhili alikuwa kijana mpole, alimwamkia mama vizuri na kumvutia kiti. Mama akabonyeza. Likatoka doa. Afisa akamfuta kwa karatasi, akamwomba arudie. Doa. Wakajaribu mkono wa kushoto, likatoka doa lingine lililofanana na la kwanza. Nilisimama pale nikiwakumbuka wazee wote niliowagombeza kaunta kwangu mahakamani, nikiwaambia wabonyeze vizuri wasinichafulie jalada. Hakuna hata mmoja niliyemshika mkono kutazama kidole chake. Niliona aibu ambayo sikuitegemea siku kama ile.

Afisa alikuna kichwa. Akasema labda aje dada yangu awe mdhamini, maana yeye anaandika jina. Nilitaka kukubali upesi, mambo yaishe. Mama ndiye aliyekataa. Alimweleza afisa, kwa utulivu wa mtu mwenye ushahidi, kwamba dawa ya jambo hili inajulikana nyumbani kwetu. Vidole vinapumzishwa.

"Nipe wiki mbili," alisema. "Huyu alipewa, vikarudi. Na mimi nitarudi navyo."

Afisa akakubali. Mimi nilihesabu siku na kuona kwamba mwezi hautakwisha kabla, ila zitabaki chache mno. Nilianza kukosa usingizi.

Huo ulikuwa msimu wa kung'oa karanga. Shamba lote likawa la mimi na dada. Tuling'oa, tukakung'uta udongo, tukaanika, tukachuma, na mimi niliporudi jioni niliteka maji na kuosha vyombo, kwa sababu dada alikumbuka orodha yote ya afande bila kusahau kufagia. Mama alikaa kivulini na soksi mikononi. Alitaka chai yenye tangawizi. Alitaka mto wa kuegemea. Siku ya nne alitaka nimsomee riwaya, ile ya pili, kwa sababu alikuwa ameniona nikiicheka peke yangu. Nikasoma huku vidole vyangu vikiwaka, na kila asubuhi nilimvua soksi mwenyewe, nikampeleka kwenye mwanga na kutazama. Sikuona mstari. Nikampaka mafuta mengi zaidi, nikamwambia tusikate tamaa.

Siku ya kumi na tano tulirudi kwa afisa. Mama akabonyeza. Nilikuwa nimeinama karibu kuliko afisa mwenyewe, na nililiona doa kabla hajainua kidole. Machozi yalinitoka palepale bila kujizuia. Afisa akasema pole, itabidi tumwite dada, lakini siku zimebaki tatu na dada atahitaji barua mpya ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji.

Mama aligeuza karatasi imwelekee afisa, akaweka kidole pembeni ya doa lake.

"Nimemsomesha kwa hiki," alisema. "Kama hakina mistari, andika kwamba mama yake alikuja."

Afisa akachukua kalamu, akaandika pembeni kwamba mdhamini amefika mwenyewe, ametambuliwa kwa sura na barua, na alama za vidole vyake zimefutika kwa kazi. Akagonga muhuri juu yake. Ilichukua kama dakika tatu, na ufadhili ukawa wangu.

Tukiwa kituo cha mabasi nilimwambia mama pole kwa kusumbuka bure wiki mbili zote zile. Alikuwa akila muwa, akitafuna taratibu. Akasema hakusumbuka. Siku ile nilipokuwa nyuma nikinawa wino, afande alimjaribu na yeye kidole kwa mchezo, akamwambia vyake havitarudi kamwe, hata akae mwaka mzima.

Nilimuuliza kwa nini basi amenitia wasiwasi wiki mbili, nafasi yangu nusura ipotee.

"Yule kijana niliona tangu siku ya kwanza kwamba ataandika," alisema. "Na wewe ulinifundisha mwenyewe kwamba polisi wakisema wiki moja, nyumbani zinakuwa mbili."

Alimaliza muwa, akafuta mikono kwenye khanga na kuitazama, bado inang'aa kwa mafuta. Akasema tangu amzae dada hakuwahi kukaa siku mbili mfululizo bila kazi, na kwamba kumbe kukaa ni kutamu, na Novemba ile hakunisema ili siku moja na yeye apate zamu yake.