Salamu Zenye Mikia

Jumapili. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, na harufu ya majani mabichi imenirudisha kwenye ngitiri ya jirani yetu, malisho aliyoyafunga kuyatunzia kiangazi. Ndama wetu wanne waliingia humo, akawazuia kwake. Nadhani alikuwa na haki, walikula kweli. Lakini bila ndama, ng'ombe wetu wasingeshusha maziwa.

Baba alikwenda kwa hasira, akarudi mikono mitupu. Akatumwa dada, huyu aliyekuja kukaa bungeni miaka mingi, kisha akawa balozi. Nilimfuata. Akapiga magoti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Akauliza habari za bibi, za wajukuu, za ng'ombe mmoja mmoja. Ndama hakuwataja.

"Umetumwa nini?" mzee akamuuliza.

"Kukusalimia, babu. Baba aliondoka bila kukusalimia."

Mzee akacheka polepole. "Salamu hizi zina mikia minne. Haya, ondoka nazo."

Watu husema dada alijifunzia maneno ng'ambo. Labda, mimi sikusoma sana, siwezi kubisha.

Jioni ile tulikula ugali wa mtama kwa maziwa, baada ya baba mwenyewe kumpelekea jirani kibuyu chake cha maziwa.