Risasi Katika Kopo la Maziwa

Uvumilivu uliniishia asubuhi niliyotoka kuanika nguo nikamkuta binti yangu wa miaka minne amechuchumaa kando ya jiko langu, makaa yamekolea, kopo la maziwa liko juu yake. Ndani hamkuwa na maji. Mlikuwa na risasi saba.

"Napika maharagwe," akaniambia.

Nililipiga kopo teke likaruka hadi ukutani. Nikamvuta mtoto nyuma ya tangi la maji nikamlalia, nikingoja mlipuko. Haukuja. Aliyelia ni mimi, kwa hasira.

Nilijua zilikotoka. Tulipanga chumba mtaa wa Atlabara kwa mtu aliyerudi kutoka Uganda nchi yetu ilipopata uhuru, akiwa na lori moja la saruji. Mimi nilirudi kutoka Kenya na cheti changu cha kidato cha nne, nikidhani nchi ni yetu sote. Yeye aliingia jeshi la akiba, akapata nyota begani, na malori yakawa manne. Hakuficha sababu: lori la afisa halifunguliwi kwenye kizuizi cha barabara cha Nesitu. Asubuhi suti, yuko mtaa wa kitajiri wa Amarat na wageni wake hotelini. Jioni gwanda. Vita vilipoanza, masanduku ya kijani yakaingia pamoja na bia na saruji katika stoo yake, ukuta mmoja na kitanda chetu. Moja lilikuwa limepasuka kona, na mlango wa stoo haukufungwa. Wapangaji wote tuliliona, wote tukanyamaza. Mimi pia.

Siku hiyo risasi zilipopoa nilizirudisha ndani ya kopo, nikamfuata mwenye nyumba akipanda gari.

"Jenabo," nikamwita, kama maafisa wanavyoitwa huku, "mtoto wangu amepika risasi zako."

Akatazama kopo, akacheka. "Wewe binti, huoni leo nimevaa suti? Mambo ya jeshi niulize siku ya gwanda."

Dereva wake naye akacheka. Kisha mwenye nyumba akaacha kucheka. "Na hilo kopo, usionekane nalo popote."

Nililifunga ndani ya leso, nikalitia chini ya nguo za mtoto kwenye mfuko, nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda polisi. Njiani kulikuwa na kizuizi. Askari akanyoosha mkono kuelekea mfuko, mtoto akapiga chafya, naye akacheka na kusema, "Pita, mama."

Sajini alipoona kopo mezani alisimama. "Unatembea na risasi mjini, wakati kama huu? Nikufunge?"

"Nifunge. Lakini ziandike kwanza."

Akatazama mlango. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulipomwambia, alikuwa amevaa nini? Kama ni gwanda, nenda kambini. Kama ni suti, nenda kwa chifu wa mtaa."

"Mzee, nipe karatasi tu."

Akanisukumia moja. "Jina langu usilitie humo."

Niliandika mwenyewe, nikikaza kalamu mpaka ikatoboa karatasi:

"Ninamlalamikia mwenye nyumba wangu, afisa wa akiba na mfanyabiashara, awe amevaa gwanda au suti. Ameweka masanduku ya risasi katika stoo iliyo ukuta mmoja na kitanda cha mtoto wangu. Mtoto ameziokota na kuziweka motoni. Ninaomba masanduku yaondolewe leo. Risasi saba nimezikabidhi hapa. Mimi na mtoto tumekaa kwenye benchi la kituo, na hatutarudi katika chumba hicho kabla hayajaondolewa."