Ripoti Isiyotaja Majina

Protais alikuwa mtu mwoga, na hakuona haya kulisema hilo. Mwaka 1994 alisikia orodha za majina zikisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na waliosomwa hawakurudi nyumbani. Sasa, miaka minne baadaye, alitunza kompyuta ya ofisi ndogo ya Gisenyi iliyowatafutia jamaa zao watoto waliopotea kwenye msafara wa wakimbizi waliorudi kutoka Goma. Kila mtoto alikuwa na faili yenye jina lake. Akimaliza kuchapa, Protais aliichoma jikoni karatasi ya mkono aliyoinakili. Wenye bunduki walikuwa bado wakishuka usiku kutoka vilima vya Kanama, na yeye hakutaka wakute majina mezani kwake.

Basi ofisi ilipopata programu ya kusaka virusi, aliipanga kwa woga uleule. Programu iliuliza: ripoti itaje kila faili iliyofutwa, au iandike jumla tu? Akachagua jumla. Faili yenye virusi ifutwe papo hapo, kinga ni bora kuliko tiba. Maskini, alijiona mjanja.

Ikaja disketi kutoka Goma, na virusi vyake vikaingia kwenye faili za watoto. Kesho yake ripoti ilikuwa na mstari mmoja: faili zilizofutwa, arobaini na moja. Disketi za akiba, zenye nakala za faili, nazo zilikuwa na ugonjwa huohuo, zikasafishwa vilevile. Arobaini na moja, nani na nani? Watoto walikuwa zaidi ya mia sita, na kichwani mwake majina yalikuwa yamevurugika. Na kwetu mtoto habebi jina la baba, hata useme utashika uzi wa ukoo umfikie.

Alhamisi akaingia Illuminée, muuza viazi wa Kanzenze, aliyetoka misitu ya Kongo mwezi uleule. Aliingia akicheka.

"Papa Protais, dada yangu wa Goma alimuona Umuhire, binti yangu! Mwaka jana, hapa kwa mulango yenu, wanamuandika. Angalia kwa machine, walimupeleka wapi?"

Protais akatafuta. Akatafuta tena.

"Haiko?" mama akauliza.

"Alikuwa hapa, mama. Mi ndiye nimemupoteza."

"Na karatasi yake?"

"Nilichoma. Niliogopa majina."

Alingoja matusi, na angeyapokea kwa shukrani. Illuminée hakumtukana. Aligonga meza kwa kidole.

"Bon. Andika jina yake. Kwa karatasi kubwa, na mi naona."

Akaandika: Umuhire, binti wa Illuminée, Kanzenze. Mama akamfuata mpaka alipoibandika kwenye mlango wa barabarani, kila mpita njia aione, mwema na mbaya. Ndipo akaondoka na kikapu chake.

Protais alibaki pale na kalamu. Chini ya jina lile palikuwa na nafasi ya wengine arobaini, na hakuwa na hata mmoja wa kumwandika.