Nafasi Mia Mbili

Abilahi Likwata analima mikorosho Kilangala. Mtu akimwuliza alikuwa na kazi gani Dar es Salaam, hujibu, "Niligawa nafasi," kisha anainama kuendelea kupalilia. Nilikaa kwake siku tatu mwaka 1979 kabla hajaniambia mengine.

Miaka mitano nyuma alikuwa miongoni mwa vijana wachache waliokabidhiwa kompyuta katika ofisi moja ya serikali. Mashine ilijaza chumba kizima, ikisoma habari kwenye kadi zilizotobolewa, lakini kumbukumbu yake ilikuwa ndogo, na kazi kadhaa ziliigombania kwa wakati mmoja. Programu kuu ndiyo iliyozigawia nafasi. Kazi ikikua iliongezewa kipande hapa na kipande pale, na kila kazi ikawekewa orodha ya vipande vyake. Orodha zilivurugika, na mashine ikawa inazimika kila wiki.

Abilahi alizifuta orodha zote. Kila kazi akaipa eneo moja tu, lenye mwanzo na mwisho, maeneo yote sawasawa, kama ekari walizopimiwa watu kwenye vijiji vya ujamaa.

"Na kazi ikizidi mpaka?" aliuliza mwenzake, Nikodemu.

"Kadi zilizozidi ziachwe. Mashine isisimame."

"Mmwera wewe! Hata chuma unakipeleka kijijini!"

Walicheka. Mashine haikuzimika tena. Mkuu wao alifurahi, akampa Abilahi likizo.

Kazi ya kwanza ya mpango ule ilikuwa orodha za mahindi ya njaa, kila kijiji kazi moja, kila kaya kadi moja. Abilahi alifika kwao siku ileile lori la mahindi lilipofika. Mama yake, Mwahija binti Hasani, alikuwa amehamishiwa Kilangala pamoja na kitongoji chake kizima, wa mwisho kuja, mihogo yao ikabaki ardhini kulekule. Karani akaita majina mia mbili, akakunja karatasi. Kijiji kilikuwa na kaya mia mbili thelathini na moja.

"Mama, humu haumo," alisema karani. "Imeandika mashine, si mimi."

Abilahi akaiomba karatasi, akatazama mstari wa mwisho.

"Mpango wa mashine hiyo niliutunga mimi. Kosa ni langu. Wape."

"Basi kautunge upya, ndugu yangu, uniletee karatasi. Gunia likitoka bila jina, nafungwa mimi."

"Nenda, mwanangu," alisema Mwahija. "Kula nitakula. Mizizi ya ming'oko bado iko porini kule kwetu."

Mvua ilikuwa imekata barabara ya Rufiji. Alifika Dar es Salaam siku ya kumi na moja. Kuiagiza mashine isimame na kulalamika kadi zikizidi kulimchukua mchana mmoja. Kurudi na lori la pili kulichukua mwezi.

Majirani walimgawia Mwahija wiki mbili, mpaka vyungu vyao navyo vikawa vitupu. Ndipo akachukua jembe, akarudi kitongojini kwake kuchimba mizizi. Nguruwe walikuwa wamekwisha kufukua kila kitu. Majirani walimkuta ameegemea mlango wa nyumba yake iliyobomolewa paa.

Karani aliita majina yote safari hii. Alipofika mia mbili na kumi na nne, aliita mara mbili.

"Tumemzika Ijumaa," alisema mwanamke mmoja.

Karani akachora mstari, akaita jina lililofuata, nalo likaitikiwa.